Kabla Hujajaza Fomu ya Uzamili

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wazazi mliofika, na nyinyi mnaovaa joho wiki ijayo: asanteni kwa kunialika. Nimepewa nusu saa, na mshereheshaji ameshanionya kwa jicho kwamba nusu saa ni nusu saa. Basi nianzie mezani kwangu.

Kwa miaka kumi na saba kazi yangu imekuwa kusoma maombi ya kazi. Nafasi moja ya ngazi ya kuanzia ikitangazwa, huja maombi mia mbili, wakati mwingine mia tatu. Katika mchujo wa kwanza kila ombi hupata chini ya dakika moja. Najua linauma hilo, hasa kwa mtu aliyekesha siku tatu akipanga nukta na mikato. Lakini ndivyo ilivyo, na kila mwenye kazi kama yangu atawaambia hivyo akiwa na ujasiri.

Mwaka jana zilinibakia CV mbili kwa nafasi ya mchambuzi wa takwimu. Ya kwanza ilikuwa ya kijana mwenye shahada ya uzamili. Kurasa nne, na ukurasa mzima ulikuwa orodha ya masomo aliyosoma. Ya pili ilikuwa ya mwenye shahada moja tu. Ukurasa mmoja na nusu, na chini ya kazi aliyojitolea kwa miezi minane aliandika hivi: "Nilikuta orodha tatu za wateja zisizolingana. Nikaziunganisha, nikaondoa majina 1,140 yaliyojirudia, nikaandika maelekezo ili atakayekuja asirudie kosa." Niliweka kalamu chini nikaisoma tena.

Tuliwaita wote wawili. Tulipomuuliza yule wa uzamili takwimu za tasnifu yake zilitoka wapi, akasema alipewa na msimamizi wake zikiwa zimeshasafishwa, yaani makosa na marudio yameshaondolewa. Sasa, kazi yetu sisi, kutwa kucha, ni kusafisha. Mnajua nani alipata.

Msinielewe vibaya. Mwaka huohuo, kwa nafasi nyingine, niliweka kando ombi zuri kuliko yote mezani kwa sababu mwombaji hakuwa na uzamili, na sharti hilo lilikuwa limeandikwa wazi kwenye tangazo. Sikuwa na ruhusa ya kulipuuza. Meza ni ileile na msomaji ni yuleyule. Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Je, nikisoma zaidi nitapata kazi?" siwezi kumjibu mpaka nijue ni kazi gani na ni kitu gani hasa kinamzuia sasa hivi. Hilo la pili ndilo watu wengi hawajajiuliza. Wamegonga mlango, haukufunguka, wakahitimisha kuwa wamekosa ufunguo. Pengine mlango haukuwa na kufuli, bali waligonga nyumba isiyo na mtu.

Nitakuja kwenye hayo. Kwanza turudi nyuma kidogo, maana wachumi wamegombana juu ya jambo hili muda mrefu na ugomvi wao una faida kwetu.

Mwaka 1964 Gary Becker alichapisha kitabu kilichoeneza wazo la mtaji wa binadamu: kwamba elimu ni uwekezaji, unatoa fedha na muda leo, unajifunza kitu, kile kitu kinakufanya uzalishe zaidi, na mwajiri anakulipa kwa hilo. Wazo hili lilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Ndilo wazo lililo vichwani mwa wazazi wetu wengi, hata wasiojua jina la Becker. Soma mwanangu, utakuwa mtu.

Kisha mwaka 1973 akaja Michael Spence na swali la kichokozi. Hebu tuchukulie, akasema, kwamba shule haimwongezei mtu ujuzi wowote. Je, mwajiri bado atamlipa zaidi mwenye shahada? Jibu lake lilikuwa ndiyo, inawezekana kabisa. Mwajiri hawezi kuuona uwezo wako kwa macho. Anachoona ni karatasi. Ikiwa karatasi hiyo ni ngumu zaidi kuipata kwa mtu mvivu au asiye na uwezo kuliko kwako, basi kuwa nayo ni ishara. Haikukufanya kuwa hodari, imeonyesha tu kuwa ulikuwa hodari tangu mwanzo. Spence naye akapewa Nobel mwaka 2001, pamoja na George Akerlof na Joseph Stiglitz.

Nani mkweli? Kwa ninavyoona mimi kutoka mezani, wote wawili, lakini si kwa kazi moja wala kwa wakati mmoja. Na kwa mtu anayepima kama arudi darasani, tofauti yao ni kubwa mno. Kama unachokosa ni ujuzi, unaweza kuupata kwa njia nyingi: kozi fupi, kujitolea, kufanya kazi chini ya fundi mzuri, kujifundisha mwenyewe usiku. Uzamili ni njia mojawapo, na kwa kawaida ndiyo ya gharama kubwa kuliko zote. Lakini kama unachokosa ni ishara, ujuzi wa usiku hautakusaidia, kwa sababu hakuna anayeuona. Hapo karatasi ndiyo dawa. Sasa kuna tatizo na ishara: thamani yake hutegemea wangapi wanayo. Ronald Dore, mwanasosiolojia wa Uingereza, aliandika mwaka 1976 kuhusu kile alichokiita ugonjwa wa vyeti. Wenye vyeti wakizidi nafasi, mwajiri hupandisha sharti ili kupunguza lundo mezani, si kwa sababu kazi imekuwa ngumu zaidi. Kazi iliyofanywa na mwenye cheti cha sekondari inaanza kudai shahada, ya shahada inadai uzamili. Kila mmoja anapanda ngazi na hakuna anayekaribia dari. Nimewahi kufanya hivyo mwenyewe. Nilipokea maombi mia nne kwa nafasi moja, tangazo lililofuata nikaongeza sharti. Mbele ya wazazi hawa ninaona aibu kukiri, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kuna jambo jingine dogo ambalo anayefikiria kuanza masomo lazima alijue. Wachumi wana msemo wa utani, athari ya ngozi ya kondoo, kwa sababu zamani shahada ziliandikwa kwenye ngozi hiyo. Mwaka 1987 Thomas Hungerford na Gary Solon walionyesha, kwa takwimu za Marekani, kwamba mshahara hauongezeki sawasawa kwa kila mwaka wa masomo, bali huruka pale panapotolewa cheti. Ukiacha uzamili katikati, kama ni ishara uliyokuwa ukiitafuta, umeondoka mikono mitupu huku ada imeshaliwa. Nawaambia hili kwa kuwa kila mwaka nasoma CV zenye maneno "tasnifu inaendelea". Imeendelea tangu lini? Miaka minne.

Haya, tuje kwenye hesabu. Sitataja fedha ya nchi yoyote, tuseme tu mshahara wa mhitimu ni 100 kwa mwezi. Uzamili wa miaka miwili ya kukaa darasani mchana unakugharimu nini? Wengi hutaja ada. Tuseme ada na vitabu ni 1,200. Lakini kwa miezi 24 hukupata mshahara, yaani 2,400. Jumla ni 3,600, na kubwa kati ya hizo mbili ni ile ambayo haikuandikwa kwenye fomu ya udahili. Sasa ukimaliza unalipwa 115. Unafurahi, umezidi kwa 15. Gawanya 3,600 kwa 15: miezi 240. Miaka ishirini ya kurudisha tu ulichotoa.

Subirini, haijaisha. Mwenzako uliyemwacha kazini naye hakulala miaka miwili hiyo. Amepanda hadi 110. Kwa hiyo ulichomzidi si 15, ni 5. Rudieni hesabu wenyewe, mimi naona huruma kuitamka.

Kuna mtu anatikisa kichwa pale nyuma, na ana haki. Namba hizi nimezitunga. Kuna fani ambazo mwenye uzamili anaanzia 180, na zipo ambazo bila uzamili unagota ukutani ukiwa na miaka thelathini na tano. Ndiyo maana wastani haunisisimui. George Psacharopoulos na Harry Patrinos, waliokusanya tafiti za dunia nzima kwa miongo kadhaa, walikuta kila mwaka mmoja wa elimu unaongeza kipato kwa karibu asilimia 9 kwa wastani. Ni namba nzuri ya kuwaambia serikali zijenge shule. Wewe hutasoma wastani wa shahada zote duniani. Utasoma moja, mahali pamoja. Taasisi ya Institute for Fiscal Studies ya Uingereza ilipochunguza mapato ya wenye uzamili mwaka 2020, ikizingatia kwamba wengi wao walikuwa na matokeo mazuri tangu mwanzo, ilikuta faida ya wastani wakiwa na umri wa miaka 35 ni ndogo kiasi cha kukaribia kutokuwepo. Ila kati ya somo na somo kulikuwa na pengo kubwa sana.

Na kama huna kazi kabisa? Hapo hesabu inabadilika, nakubali. Mshahara unaoupoteza ni sifuri, angalau kwa sasa, na ndiyo maana uchumi ukiyumba vyuo hujaa. Ni uamuzi wenye akili kwa baadhi ya watu. Lakini jihadharini na neno "kwa sasa". Philip Oreopoulos na wenzake wawili walifuatilia wahitimu wa Kanada waliotoka chuoni wakati wa mdororo wa uchumi. Walianza na kipato pungufu kwa takriban asilimia 9, na pengo hilo lilichukua karibu miaka kumi kufutika. Kilichonivutia mimi ni namna lilivyofutika. Kwa sehemu kubwa walihama. Waliingia kwenye kampuni dhaifu, wakapata uzoefu, wakahamia kampuni bora, kisha bora zaidi. Maana yake ni kwamba kazi mbovu ya kwanza si kaburi. Vijana wengi wanaikataa wakidhani watachafua CV, wanakimbilia darasani kujihifadhi, na wanaporudi wanamkuta yule aliyeikubali ameshahama mara mbili.

Najua hili kwa sababu mimi ni mmoja wa waliojihifadhi. Nilipomaliza shahada ya kwanza niliomba kazi kwa miezi mitano. Nikakosa, nikachoka, nikachoka zaidi na lile swali la kila Jumapili, "Vipi, umeshapata?" Siku niliyopata barua ya udahili wa uzamili nilipumua kama mtu aliyetua mzigo. Nilikuwa na jibu la Jumapili: nasoma. Miaka miwili nilijibu hivyo. Kisha nikaketi mbele ya wasaili watatu, na mama mmoja mwenye miwani ameishusha puani akaniuliza kwa upole, "Kwa nini ulirudi kusoma?" Nilifungua mdomo. Nikazungumzia kiu ya maarifa. Akaandika kitu kifupi sana kwenye karatasi yake, nami hadi leo nahisi najua alichoandika. Kazi niliyokuja kupata baadaye niliipata kupitia mtu niliyemsaidia bure kupanga majalada ya ofisi yake, wiki sita, kabla ya uzamili. Uzamili wenyewe haukuulizwa hata mara moja.

Sijutii nilichojifunza. Ninachojutia ni kwamba nililipa bei ya ufunguo kwa ajili ya kununua mwavuli.

Basi utajuaje kilichokuzuia? Mimi huwaambia vijana wanaokuja ofisini wafanye kazi moja ya kuchosha. Tafuta matangazo thelathini ya kazi unayoitaka, si ya fani yako kwa ujumla, ya kazi hiyo hasa. Chora safu tatu. Kila tangazo litazame neno kwa neno: uzamili ni lazima, uzamili utapendelewa, au haukutajwa. Na ukiwa hapo andika pembeni kila kitu kingine kilichodaiwa: programu fulani, lugha, leseni, miaka ya uzoefu. Inachukua jioni mbili. Nimeona watu wakiweka rehani miaka miwili ya maisha bila kutoa jioni mbili.

Zipo kazi ambazo safu ya kwanza itajaa yote, na hapo hakuna mjadala. Udaktari bingwa, saikolojia ya tiba mahali pengi: sheria au bodi ya taaluma imefunga mlango na ufunguo ni mmoja. Soma, au badili ndoto. Lakini hakikisheni ni shahada inayotakiwa na si mtihani wa bodi. Kwenye uhasibu na uwekezaji, kwa mfano, mitihani ya kitaaluma kama ACCA au CFA mara nyingi ina uzito kuliko uzamili wa jumla, na imepangwa ili mtu aifanye akiwa kazini. CFA ina ngazi tatu tu, ingawa neno "tu" hapo aliyeifanya atanipiga nalo.

Uzamivu, yaani PhD, nauacha kando leo. Ni mafunzo ya kuwa mtafiti, huchukua miaka mingi, na anayeuanza kwa sababu ya mshahara amekosea foleni.

Jambo la pili la kufanya ni kutazama watu kumi wanaoifanya kazi hiyo leo. Wasifu wao uko wazi kwenye mitandao ya kikazi. Usitazame tu kama wana uzamili, tazama waliupata lini. Hapa ndipo watu wanadanganyika. Unaona mameneja kumi, saba wana uzamili, unasema basi uzamili ndio njia. Soma miaka. Mara nyingi utakuta waliingia na shahada moja, wakafanya kazi miaka mitano, kisha wakasoma jioni au kwa masafa, wengine kwa fedha za mwajiri. Uzamili haukuwaingiza mlangoni, uliwapandisha ghorofa wakiwa tayari ndani. Na masomo yao yaliwaingia vizuri zaidi kwa sababu walikuwa na matatizo halisi ya kuyapeleka darasani. Kama uamuzi ni wangu, na sheria haijafunga mlango, hiyo ndiyo safari ninayoipendelea.

La tatu, kiulize chuo maswali ya kukera. Wakikwambia asilimia 90 ya wahitimu wetu wana kazi ndani ya miezi sita, uliza asilimia 90 ya nani. Kama walihitimu 200, wakajibu dodoso 40, na 36 wakasema ndiyo, basi wamesema kweli na hujajua chochote. Wale 160 wako wapi? Uliza pia ni kazi gani, maana anayefanya kazi aliyoiacha kabla ya kuja kusoma naye huhesabiwa. Ukiona ofisa wa udahili anaanza kukuonyesha picha za maktaba, umejibiwa.

Namalizia na kijana aliyenijia miezi miwili iliyopita. Alisomea uhandisi wa majengo. Alikuwa ameshajaza fomu ya uzamili wa usimamizi wa miradi, na tarehe ya mwisho ya kulipa awamu ya kwanza ilikuwa Ijumaa. Ilikuwa Jumatatu. Nikampa kazi ya matangazo thelathini, akakunja uso kama nilivyotarajia. Alhamisi akarudi na karatasi imekunjwa mara nne. Safu ya "lazima" ilikuwa na mawili. Safu ya "utapendelewa" ilikuwa na sita. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, alikuwa amehesabu kitu ambacho hakuwa akikitafuta: matangazo ishirini na moja yalidai usajili wa bodi ya wahandisi, na yeye hakuwa ameanza hata kuandika daftari la mafunzo ya vitendo linalohitajika ili kusajiliwa.

Aliitazama ile karatasi muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nadhani chuo kinarudisha ada ya fomu.

Sikujua, nikamwambia apige simu. Nusu saa yangu imekwisha, naona mshereheshaji ameshasimama. Maikrofoni iko wapi? Tuanze na wewe, dada, mstari wa tatu, uliyenyoosha mkono tangu nilipotaja mwavuli.